Moba: Msaidizi wa mbali kwa biashara ndogo, nani ashike simu?

Mfanyabiashara wa Moba anayepanda boti kwenda Kalemie na mifuko yake ya mahindi anajua kwamba katikati ya ziwa Tanganyika mtandao unapotea. Wakati huo wateja wa Kalemie wanauliza bei, mwenye depo wa Uvira anataka kujua kama ndagala zimekauka vizuri, na mtu wa Pweto anadai faktire yake. Anaposhuka bandarini anakuta ujumbe makumi kwa makumi, na mteja aliyekosa jibu amekwisha kununua kwa mwingine.

Ndiyo maana wazo la msaidizi wa mbali limeanza kuwagusa hata wenye maduka madogo. Huyu ni mtu anayefanya kazi za ofisi akiwa katika mji mwingine, kwa simu na kompyuta: anajibu wateja, anaandika madeni, anatengeneza faktire, anafuatilia bei za masoko. Miaka michache iliyopita jambo hilo lilionekana kuwa la wakubwa wa Kinshasa au Nairobi.

Mambo mawili yamelileta karibu. Mwezi wa tano 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi Kongo, baada ya kuikataza mwezi wa tatu 2024. Kwa maeneo yaliyo mbali na antena nzuri, hilo si jambo dogo. La pili ni la huzuni. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga milango na watu wengi wa kazi za ofisi walibaki bila mshahara. Wengine walikimbia kwa boti kupitia Uvira hadi Kalemie. Kwa hiyo wako watu wanaojua hesabu, Kifaransa na kompyuta, wanaotafuta kazi inayoweza kufanywa popote walipo.

Hata hivyo, mwenye duka anayeanza kwa kutafuta mtu anaanza vibaya. Kwanza aangalie ni kazi gani inaweza kutoka mikononi mwake. Kupima mifuko, kunusa samaki, kubishana bei na mwenye boti: hayo yatabaki Moba. Kujibu wateja kunaweza kuhama. Madeni nayo yanaweza kuhama, lakini kwa sharti moja, kwamba yawe yameandikwa. Maduka mengi yana nusu ya madeni ndani ya kaye na nusu nyingine ndani ya kichwa cha mwenyewe. Msaidizi aliyeko Lubumbashi hawezi kusoma kichwa cha mtu. Ndiyo sababu mwezi wa kwanza mara nyingi huisha kwa kazi isiyo na sifa: kupiga picha kurasa za kaye, kuzituma, na kuulizana jina hili ni la nani.

Halafu kuna suala la kumtoa wapi. Tovuti kama Upwork zina wasaidizi kutoka dunia nzima, lakini malipo yake yanapitia kadi ya benki au akaunti za mtandaoni, vitu ambavyo mwenye duka wa kawaida Moba hana. Msaidizi wa Nairobi anajua Kiswahili na Kiingereza vizuri. Barua ya kodi iliyoandikwa kwa Kifaransa itamshinda. Wa Kigoma anaelewa biashara ya ziwa, ila yeye pia hana Kifaransa, na saa yake iko saa moja mbele ya Moba. Kinshasa iko saa moja nyuma, na huko Kiswahili si lugha ya soko. Kwa biashara inayouza Kalemie, Uvira na Lubumbashi, mtu wa Kalemie au Lubumbashi anabaki chaguo lenye akili zaidi, hata kama bei yake ni kubwa kidogo. Anaweza kulipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa franka au kwa dola, bila kupita benki.

Na ndugu? Wengi watasema mtoto wa shangazi anayesoma Kalemie anatosha. Anaweza kutosha. Shida inakuja siku anapochelewa kujibu wiki nzima, kwa sababu kumfukuza mtoto wa shangazi ni kikao cha familia.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu yenyewe. Katika miji yetu, laini ya biashara ndiyo benki pia: namba ambayo wateja wanaandikia ndiyo wanayotumia kutuma pesa. Kumpa msaidizi simu hiyo, au kumpa laini ya pili iliyoandikishwa kwa jina lile lile pamoja na namba ya siri, ni kumpa kasha na ufunguo wake. Wala hakuna ulazima. WhatsApp inaruhusu kuunganisha vifaa vingine hadi vinne na akaunti moja. Msaidizi anasoma na kujibu ujumbe kwenye kompyuta yake, huku laini na pesa zikibaki mfukoni mwa mwenye duka. Siku kazi inapoisha, mwenye duka anafungua orodha ya vifaa kwenye simu yake na kumtoa. Akumbuke tu kwamba simu kuu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, vifaa hivyo vinajitoa vyenyewe.

Namba ya siri ya pesa haitolewi kwa mtu yeyote, na namba za uhakikisho zinazoingia kwa ujumbe mfupi ni vivyo hivyo. Msaidizi anayeziomba «kwa ajili ya kusaidia haraka» amekwisha kujibu swali la kama anafaa.

Upande wa sheria, wengi wanadhani mtu wa mbali hana haki kwa kuwa haonekani. Sheria ya kazi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2016, haiangalii umbali. Inaangalia kama mtu anafanya kazi chini ya uongozi wa mwingine kwa malipo. Anayepangiwa saa na kupewa amri kila siku ni mfanyakazi, na kama hakuna kontra ya maandishi, sheria inamchukulia kuwa ameajiriwa bila kikomo cha muda hadi ithibitishwe vinginevyo. Anayelipwa kwa kazi moja moja, kwa mfano faktire kadhaa kwa wiki, akipanga saa zake mwenyewe, yuko katika hali nyingine.

Tofauti hiyo ina bei. Mwaka 2025 serikali ilipandisha kiwango cha chini cha mshahara kutoka franka 7 075 kwa siku hadi 14 500, na kupanga ngazi ya pili ya 21 500 kwa Januari 2026. Kwa siku 26 za mwezi, 14 500 ni franka 377 000, na 21 500 ni 559 000, kabla ya michango ya CNSS. Duka dogo la Moba haliwezi kubeba hilo kwa mtu wa kujibu ujumbe tu. Kulipa kwa kazi, saa mbili kwa siku, kunawezekana. Lakini kumwita mtu «wa kazi moja moja» huku akidaiwa kuwa macho toka asubuhi hadi usiku ni kujitafutia kesi, na pia ni dhuluma. Mfano uko karibu: Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliosafisha maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI kwa chini ya dola 2 kwa saa. Kazi ya mbali inaficha uchovu wa anayeifanya.

Kwa kazi ya kudumu, sheria inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, na mwezi mmoja tu kwa kibarua asiye na ujuzi. Kwa msaidizi wa ujumbe, wiki mbili za kulipwa zinaonyesha mengi. Mwenye duka ampe orodha ya bei za siku hiyo, amwombe rafiki mmoja ajifanye mteja anayedai punguzo kali, mwingine alete malalamiko ya mfuko uliolowa maji, kisha asome majibu jioni. Atakayeahidi bei ambayo hakupewa atamletea hasara kabla mwezi haujaisha. Atakayeandika «ngoja nimuulize mwenye duka» na kweli akauliza, huyo aandikiwe kontra.