Kuvuka Mito kwa Salama: Maji Uliyoyavulia Nguo Si Lazima Uyaoge

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii ni njema katika kazi: mkulima aliyeanza kupalilia asiache shamba nusu, wala karani asiondoke mezani kabla ya kumaliza hesabu zake. Lakini pana mahali pamoja ambapo methali hii imewaponza watu, napo ni penye ukingo wa mto. Msafiri aliyetembea kutwa nzima, akafika mtoni, akavua viatu na kukunja suruali, huona haya kurudi nyuma. Moyo humwambia ya kuwa amekwisha kuanza, basi na amalize. Yafaa ijulikane kwamba mtoni aliyevua nguo aweza kuzivaa tena, wala hapana aibu yo yote katika jambo hilo.

Siku hizi madaraja ya Kenya ni mengi kuliko zamani, lakini safari za miguu hazijakwisha. Wako wachungaji wanaohamisha mifugo, maskauti wanaotembea kutoka kambi hata kambi, vijana wanaopita katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na watu wengi ambao njia ya kwenda kwao hukatwa na kijito kisicho na daraja. Katika mvua za Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, kijito ambacho mtoto alikiruka asubuhi chaweza kumchukua ng'ombe jioni.

Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na mji wa Mwingi katika Kitui, basi lililowachukua waimbaji wa kwaya waliokuwa wakienda harusini lilifika mto Enziu. Mto ulikuwa umejaa, na maji yalikuwa yakipita juu ya kivuko. Dereva alijaribu kuvuka. Maji yalilisukuma basi mpaka likalala ubavu na kuzama, huku watu waliosimama ukingoni wakitazama wasiweze kulizuia. Watu zaidi ya 30 walikufa. Ikiwa gari lenye uzito wa tani nyingi halikuweza kusimama, miguu miwili ya mwanadamu itasimamaje?

Sababu yake ni uzito wa maji na mwendo wake. Kila mtu aliyewahi kubeba debe la lita 20 anajua kwamba maji hayo yana uzito wa kilo 20. Shimo lenye urefu, upana na kina cha mita moja moja hujazwa na madebe 50, yaani kilo 1,000. Tena maji yakiongeza mwendo maradufu, nguvu yake ya kusukuma haiwi maradufu, bali huwa mara nne. Yakienda mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Ndiyo maana maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, ambayo hayafiki hata shubiri moja, yaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimita 60 yaweza kuchukua magari mengi. Kujua kuogelea ni jambo zuri, lakini katika mkondo wa namna hiyo hakumfai mtu sana.

Jambo la pili la kukumbukwa ni kwamba mvua inayoujaza mto si lazima inyeshe mahali pa kivuko. Katika korongo jembamba la Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu saba walikufa mwaka 2012 na wengine saba mwaka 2019, mara zote mbili kwa sababu ya maji yaliyoshuka ghafula. Katika mito ya mchanga ya Ukambani na laga za Kaskazini, maji yaweza kufika chini ya anga isiyo na wingu lo lote. Dalili zake ni hizi: maji yaliyokuwa safi hugeuka rangi ya udongo, majani na vijiti huanza kuelea, sauti ya mawe yakigongana husikika chini ya maji, na mngurumo hutoka upande wa juu. Aonaye mojawapo ya dalili hizo na atoke bondeni mara moja, apande mahali palipoinuka, wala asikimbie kulifuata bonde kwenda chini. Tena siku hizi watu wengi wana simu. Kabla ya kuvuka, si vibaya msafiri kumwuliza ndugu au rafiki akaaye upande wa milimani kama mvua imenyesha kwao.

Kwa kuwa mvua ya milimani mara nyingi hunyesha alasiri na jioni, vijito vitokavyo huko aghalabu hupungua asubuhi. Jambo hili lajulikana hata ng'ambo. Katika Marekani wako watu wanaotembea njia iitwayo Pacific Crest Trail, yenye urefu wa maili 2,650 kutoka mpaka wa Mexico hata mpaka wa Kanada. Mito ya huko hujazwa na theluji inayoyeyushwa na jua la mchana, kwa hiyo wenye busara huvuka alfajiri. Hata hivyo katika Julai 2017, baada ya majira ya baridi yenye theluji nyingi mno, wanawake wawili walikufa maji katika mito miwili ya njia hiyo. Saa ya kuvuka huchaguliwa na mto, si na msafiri.

Baada ya saa, hufuata mahali. Watu wengi hupenda kuvuka penye wembamba kwa kuwa ng'ambo ni karibu, lakini hapo ndipo maji yalipo na kina kirefu na kasi nyingi. Panapofaa ni penye upana, ambapo mto umejigawa katika mikono midogo midogo na maji yamesambaa juu ya changarawe. Mto unapopinda, upande wa nje wa pindo huwa na kilindi, na ukingo wake huwa mwinamo mkali. Tena msafiri hana budi kutazama upande wa chini na kujiuliza: mtu akianguka hapa atapelekwa wapi? Ikiwa chini pana maporomoko, au mawe makubwa, au mti ulioanguka majini, asivuke hapo hata kidogo. Maji hupita katikati ya matawi, lakini mtu hunaswa na kushikiliwa. Na katika mito ya nchi za chini, kama Tana na Galana, mna mamba na viboko. Huko msafiri hutafuta daraja au mtumbwi wa wenyeji, wala hajaribu kuvuka kwa miguu.

Mahali pakiisha kuchaguliwa, mto hupimwa. Kijiti hutupwa majini, na mtu hutembea ukingoni akikifuata. Kijiti kikimshinda mwendo, maji hayo ni ya kasi mno. Maji ya kasi yanayofika juu ya magoti ni ya kuachwa. Na yale ambayo mtu hawezi kuona chini yake wala kukijua kina chake, ni ya kuachwa pia.

Akiona kwamba inafaa, msafiri aingie hivi. Viatu avivae, kwa maana miguu mitupu huteleza na kuumizwa na mawe; suruali ndefu aivue au aikunje, kwa kuwa maji huishika na kuivuta. Mikanda ya shanta ifungwayo kifuani na kiunoni aifungue, ili akianguka aweze kuuachilia mzigo upesi. Ashike fimbo ndefu iliyo imara, aielekee mikondo inakotoka, na kuisimamisha fimbo mbele yake upande huo, akiiegemea. Aende upande upande, kwa hatua fupi, bila kuikutanisha miguu, na asihamishe vitu viwili kwa mara moja: fimbo ikisogea miguu isimame; mguu mmoja ukisogea, fimbo na mguu wa pili visimame. Asiyakazie macho maji yapitayo mbele yake, kwa maana humtia kizunguzungu.

Wakiwa watu watatu au zaidi, yafaa washikane mikono vizuri na kupanga mstari mmoja unaofuata mkondo, mwenye nguvu nyingi akiwa upande wa juu ili ayavunje maji kwa ajili ya wenzake, na walio dhaifu wakae katikati. Kamba isifungwe mwilini mwa mtu. Akianguka, kamba iliyokazwa humshikilia chini ya maji, na iliyodhaniwa kuwa msaada huwa kitanzi.

Kabla ya kuingia, kila mtu aweke mpaka wake: maji yakifika hapa, narudi. Mpaka huo uwekwe ukingoni, wakati akili imetulia. Na katika kurudi asigeuke kuupa mkondo mgongo, bali arudi kwa njia ile ile aliyojia, uso wake ukielekea maji yanakotoka. Akianguka na kuchukuliwa, auache mzigo, alale chali, miguu ikitangulia upande wa chini, na kupiga maji kwa mikono kuelekea ukingo. Asijaribu kusimama katika maji ya kasi, kwa maana mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo utamlaza kifudifudi. Akiona mti mbele yake asioweza kuukwepa, ageuke, auelekee kwa kichwa, aogelee kwa nguvu na kuupanda juu.

Tuseme karani mmoja wa mjini amepata habari kwamba mama yake ni mgonjwa, naye amepewa likizo ya siku nne. Saa kumi za jioni afika mtoni, na mto umejaa. Aketi juu ya jiwe, avue viatu. Karibu naye yuko mzee mmoja anayechunga mbuzi.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, mwanangu. Waenda wapi na viatu mkononi?"

"Ng'ambo, mzee. Mama yangu ni mgonjwa, nami sina siku nyingi."

"Mama yako anangoja kukuona wewe, au anangoja kusikia habari zako?"

Karani asinene neno. Mzee achukua kijiti, akichomeke penye ukingo kabisa wa maji. "Kijiti hiki kikizama, mto unapanda," asema. "Kikibaki pakavu, unashuka. Vaa viatu vyako, mwanangu, tukale."

Baada ya chakula warudi na kurunzi, na kijiti hakionekani tena. Usiku karani asikia mawe yakigongana mtoni, na usingizi usimjie. Kulipokucha mzee achomeka kijiti cha pili. Saa mbili za asubuhi kijiti kiko pakavu, mbali na maji kwa hatua mbili. Wangoja tena. Saa nne rangi ya maji imeanza kuwa safi na changarawe zaonekana. Ndipo wanaposhikana mikono na kuvuka penye upana, maji yakiwafikia chini ya magoti.

Saa sita za mchana karani asimama mlangoni pa mama yake. Amepoteza usiku mmoja katika siku zake nne, na mama, aliyekuwa akiusikiliza mto usiku kucha, amwambia aketi.