Diski Mpya Katika Kompyuta Kuukuu: Tupime Kabla ya Kulaumu

Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii ilinijia nilipoalikwa katika shule moja ya sekondari kutazama kompyuta tatu zilizokuwa zimewekwa kando, zikingoja kufutwa katika daftari la mali ya shule. Shule ilikuwa imenunua diski mpya za aina ya SSD kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya maabara, ikitumaini kwamba kompyuta hizo kuukuu zingepata uhai mpya. Baada ya kuzifunga, mwalimu mwenye dhamana ya chumba hicho alizipima, akaona kwamba mwendo wake haukufikia hata nusu ya ule ulioandikwa katika kasha. Akanieleza kwa uchungu: "Tumeuziwa diski mbovu, na kama diski si mbovu, basi kompyuta zenyewe zimekwisha."

Hizo zilikuwa hukumu mbili, na hakuna hata moja iliyotolewa baada ya ushahidi kusikilizwa. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba kosa letu kubwa katika kutengeneza kompyuta za shule ni kuamua kabla ya kupima. Umaskini wa vifaa na uchache wa mafundi hutuumiza, lakini haraka hii ya kuamua hutuumiza zaidi. Shule ina mizani, saa na walimu wa sayansi, nayo haina udhuru wa kutenda hivyo.

Namba ya kasha na kazi ya kila siku

Ili tuelewane, yafaa tueleze kwanza tofauti ya diski hizi mbili. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaobeba kichwa cha kusomea. Ikiwa sahani zazunguka mara 7,200 kwa dakika, basi mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3 hivi, na kwa wastani kichwa hungoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4 na kidogo, kabla habari inayotakiwa haijapita chini yake. Tukiongeza muda wa mkono kusogea, twafikia kama milisekunde 12 kwa kila ombi. Diski ya SSD haina kitu kizungukacho. Habari zake huhifadhiwa kama chaji za umeme katika vijumba vidogo sana vya kumbukumbu, vya aina iliyovumbuliwa na Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba na kutangazwa mwaka 1987. Ombi moja hujibiwa kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme kompyuta, ili iwake na kuwa tayari, yahitaji kusoma vipande 20,000, kila kimoja cha baiti 4,096, vilivyotawanyika huku na huku. Diski ya sahani itatumia sekunde 240, yaani dakika 4. Diski ya SSD itatumia sekunde 2. Faida hii yote imetokana na kuondoa kungoja. Upana wa njia ambayo habari hupita bado haujaingia katika hesabu.

Upana huo ndio unaotajwa katika kasha. Kompyuta nyingi za mezani huunganishwa na diski kwa njia iitwayo SATA, nayo imetolewa katika vizazi vitatu: cha gigabiti 1.5 kwa sekunde, cha gigabiti 3, na cha gigabiti 6. Kwa kuwa kila baiti husafirishwa kwa biti 10, vizazi hivyo haviwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 150, 300 na 600 kwa sekunde. Diski iliyoandikwa megabaiti 550 itafikia namba hiyo katika kizazi cha tatu tu. Ukiifunga katika kompyuta ya kizazi cha pili, itashuka hadi kadiri ya 260 au 270, kwa kuwa mwendo wa msafara huamuliwa na mlango ulio mwembamba kuliko yote.

Je, hasara hiyo ni kubwa? Turudi kwenye vipande vyetu 20,000. Jumla yake ni kama megabaiti 82. Kuzipitisha katika njia ya megabaiti 600 huchukua kama sekunde 0.14; katika njia ya megabaiti 150 huchukua kama sekunde 0.55. Tofauti haifiki nusu ya sekunde, ilhali tumekwisha kuokoa karibu dakika 4! Basi mtu anayeitupa kompyuta kwa sababu njia yake ni nyembamba amefanana na mkulima anayekataa mvua kwa sababu haikuja na radi.

Malalamiko mamoja, sababu tatu

Tulizikagua kompyuta zile moja baada ya nyingine, wanafunzi wanne wakiandika kila kipimo katika daftari.

Ya kwanza haikuwa na ugonjwa wowote. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha namba mbili za njia: ya kwanza ni ile inayotumika kwa sasa, na ya pili ni kikomo cha diski yenyewe. Hapa tulisoma SATA/300 na SATA/600. Ubao mkuu wa kompyuta ulikuwa wa kizazi cha pili, na diski ilikuwa ikitoa yote ambayo ubao huo ungeweza kupokea. Hapakuwa na la kutengeneza. Mwalimu alipoulizwa kompyuta hiyo ilichukua muda gani kuwaka kabla ya diski mpya, alikiri kwamba hakupata kupima. Alikuwa amelinganisha diski na kasha lake, badala ya kuilinganisha na diski iliyoondolewa.

Ya pili ilikuwa na kasoro ya kweli, lakini kasoro hiyo haikuwa ndani ya diski wala ndani ya ubao. Fundi alikuwa amenakili kila kitu kutoka diski ya zamani, pamoja na mgawanyo wake uliofanywa enzi za Windows XP. Mfumo huo ulikuwa na desturi ya kuanza sehemu ya kwanza ya diski katika sekta ya 63. Zidisha 63 kwa baiti 512 za kila sekta, utapata 32,256. Gawanya kwa 4,096, utapata 7.875, ambayo si namba kamili. Maana yake ni kwamba kila kipande cha baiti 4,096 hupanda juu ya mpaka wa vipande viwili vya diski, na maandishi yanayostahili kufanywa mara moja hufanywa mara mbili. Mifumo iliyofuata, tangu Windows Vista, huanza katika sekta ya 2,048. Mwanafunzi wa kidato cha pili na azidishe na kugawanya: atapata 256 kamili. Mwalimu anaweza kuiona namba hiyo ya mwanzo katika programu ya msinfo32 iliyomo ndani ya Windows, akagawanya kwa 4,096, na kutoa uamuzi kwa kalamu na karatasi bila kulipa fundi hata senti moja.

Kompyuta hiyohiyo ilikuwa imewekwa ifanye kazi kwa utaratibu wa kale uitwao IDE, ambao hupeleka ombi moja na kungoja lijibiwe. Utaratibu wa AHCI huweza kupanga maombi hadi 32 kwa pamoja. Lakini hapa natoa onyo: asiwepo mtu atakayebadilisha mpango huu ghafla, kwa kuwa Windows iliyozoea utaratibu wa kwanza yaweza kukataa kuwaka. Kwanza nakala ya kazi zote ihifadhiwe mahali pengine, kisha mfumo uandaliwe. Sisi tuliona ni rahisi zaidi kuhifadhi nakala, kubadilisha utaratibu, na kuweka mfumo upya juu ya mgawanyo mpya. Kazi mbili zikamalizika kwa safari moja.

Ya tatu ilikuwa na gigabaiti 2 tu za kumbukumbu ya muda. Mara wanafunzi walipofungua kurasa chache za intaneti, kumbukumbu ilijaa, na kompyuta ikaanza kuhamisha sehemu zake kwenda katika diski na kuzirudisha. Diski ya SSD, pamoja na wepesi wake wote, bado ni nzito kuliko kumbukumbu ya muda kwa kadiri ya mara elfu moja kwa kila ombi. Diski haikuwa na hatia. Ilikuwa inabeba mzigo wa mwingine. Kipande cha kumbukumbu kilichotolewa katika kompyuta iliyokufa zamani ndicho kilichomaliza tatizo.

Hapa yafaa tukumbuke hoja aliyoitoa Gene Amdahl mwaka 1967: kuharakisha sehemu moja ya kazi kuna kikomo kinachowekwa na sehemu zilizobaki. Ikiwa kazi huchukua sekunde 100, na 60 kati ya hizo ni za diski, basi hata diski ikiwa nyepesi mara 100, sekunde 40 za kichakato zitabaki palepale. Jumla itakuwa sekunde 40.6. Kazi yote imeharakishwa kwa chini ya mara mbili na nusu. Aliyetarajia mara mia atasema ametapeliwa, lakini aliyefanya hesabu ataridhika.

Hoja za upande wa pili

Sitaki msomaji adhani kwamba diski haiwezi kamwe kuwa na makosa. Zipo diski za bei nafuu ambazo huandika upesi katika eneo dogo la akiba, na eneo hilo likijaa mwendo wake huporomoka. Diski iliyojazwa hadi pomoni pia hulemewa. Vijumba vyake haviandikwi juu ya maandishi ya zamani. Huandikwa kwa kurasa, lakini hufutwa kwa vitalu vyenye kurasa nyingi. Ikikosa nafasi, diski hulazimika kuhamisha na kufuta kila ipokeapo kazi mpya. Ndiyo maana ipo amri ya TRIM, ambayo kwayo mfumo huiarifu diski kurasa zipi hazitakiwi tena. Windows XP haikuijua amri hiyo. Windows 7, iliyotolewa mwaka 2009, huijua. Na bidhaa za bandia zipo sokoni, hilo hatuwezi kulikana. Hata hivyo mambo haya yote hupimika. Diski inayoshukiwa na ifungwe katika kompyuta nyingine iliyo mpya zaidi. Ikiwa huko nako ni nzito, hapo ndipo tutakapomrudia muuzaji, tena tukiwa na daftari mkononi.

Wengine watasema kwamba kompyuta za kale hazifai tena hata zikiponywa, kwa kuwa mifumo yake imekoma kuhudumiwa. Hoja hii ina uzito. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Kompyuta iliyounganishwa na intaneti bila kupokea marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo. Lakini mifumo ya Linux hutolewa bure na huendelea kuhudumiwa, na baadhi yake hukubali kompyuta za miaka mingi. Kwa kuandika, kukokotoa na kujifunza kutunga programu, kompyuta iliyopimwa na kutunzwa bado ni chombo kamili cha darasa. Ikiwa baada ya vipimo itaonekana kwamba kompyuta fulani haifai, na ifutwe. Lakini ifutwe kwa ushahidi.

Somo lililo ndani ya somo

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba kila shule inayotaka kubadilisha diski ifuate taratibu nne. Kwanza, muda wa kompyuta kuwaka na kufungua programu zinazotumika uandikwe kabla ya chochote kuguswa. Pili, kizazi cha njia na kiasi cha kumbukumbu vijulikane kabla ya fedha kutolewa. Tatu, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, kisha vipimo virudiwe. Abadilishaye matatu kwa pamoja hatajua lipi lilimponya wala lipi lilimdhuru. Nne, kazi hii wapewe wanafunzi, chini ya uangalizi wa mwalimu, kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umetolewa kila inapofunguliwa.

Walimu wenzangu watauliza saa za kazi hii zitatoka wapi, nami nawauliza: je, twafundisha njia ya kisayansi ili iishie katika karatasi ya mtihani? Mwanafunzi anayekariri kwamba nadharia hujaribiwa kwa majaribio, kisha akamwona mwalimu wake akihukumu diski kwa kulitazama kasha, amefundishwa masomo mawili siku moja, na atalishika lile la pili.

Kompyuta zile tatu zilirudi mezani. Ile ya kwanza ingali inasoma megabaiti 260 kwa sekunde kama ilivyosoma siku ile ya kwanza, na hakuna anayelalamika. Tulipoirudishia kwa muda diski yake ya zamani ili tupate kipimo tulichokikosa, ilichukua zaidi ya dakika tatu kuwa tayari. Kwa diski mpya haikufika dakika moja. Mwalimu aliandika namba hizo mbili kwa chaki ubaoni, akaliweka kasha chini ya meza, na daftari la mali likarudishwa kabatini bila kufutwa kitu.