Ajali ina kinga, tukikaa meza moja

Ndugu mfanyakazi, mara ngapi umesikia watu matangani wakisema, "Ajali haina kinga"? Tunasema hivyo ili kumfariji mjane, na kumfariji si vibaya. Lakini kazini maneno hayo ni ya hatari. Anayeamini kwamba ajali haina kinga hataitafuta kinga yenyewe. Mimi nasema ajali ina kinga, nayo haiko mikononi mwa mkubwa peke yake, wala mikononi mwa mfanyakazi peke yake.

Leo tuzungumze juu ya kazi ya ujenzi. Pengine utauliza, "Sisi ni watu wa dhahabu, ujenzi unatuhusu nini?" Unatuhusu sana. Kabla ya dhahabu kutoka, kuna mtu aliyechimba msingi, aliyemwaga beto, aliyepanda juu kufunga mabati. Dhahabu ya Kilo ilijulikana mwaka 1903, lakini mashine haziendi bila umeme, ndiyo maana Kilo-Moto walijenga kituo cha umeme cha Budana kwenye mto Shari. Jirani zetu wa Kibali, katika Haut-Uele, walijenga vituo vitatu vya umeme wa maji, Nzoro 2, Ambarau na Azambi, vilivyoanza kazi kati ya mwaka 2014 na 2018. Walishusha pia shimo la wima lenye kina cha zaidi ya mita 700. Kila mgodi huanza kama shantie ya ujenzi, na shantie haiishi: leo ni karakana, kesho ni mfereji wa bomba, keshokutwa ni nyumba za wafanyakazi.

Nitakuambia jambo ambalo sijivunii. Miaka mingi iliyopita, katika shantie moja ambayo sitaitaja, nilikuwa delege wa wafanyakazi ndani ya kamati ya usalama. Kila mwezi tuliletewa karatasi, nasi tulitia sahihi. Mwezi mmoja karatasi ilisema kwamba mfereji wa maji umekaguliwa. Haukukaguliwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, udongo umelowa, na kingo hazikuwa na mbao za kuzizuia. Asubuhi mzee mmoja alimwambia kapita, "Ukingo huu umepasuka." Kapita akajibu kwamba kazi imechelewa. Saa nne ukingo ukaanguka. Kijana aliyekuwa chini alifukiwa hadi kiunoni. Tulimtoa akiwa hai, lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu. Sahihi yangu ilikuwa kwenye ile karatasi. Kapita alikosa, nami nilikosa.

Fahamu kwamba mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya kilo 1500. Si lazima mtu afunikwe kichwa ili afe. Udongo ukimbana kifua tu, hawezi kuvuta pumzi. Kingo zikikatwa kwa mteremko au zikizuiwa kwa mbao, na udongo uliotolewa ukiwekwa mbali na ukingo, ajali hiyo haitokei. Mzee yule alijua. Kilichokosekana ni mahali pa kulisema jambo hilo na mtu wa kulisikiliza.

Mahali hapo sheria imeshapaweka. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamdai mwajiri alinde usalama na afya ya watu wake. Amri ya waziri ya mwaka 2008 ilieleza jinsi ya kupanga kamati ya usalama, afya na upambaji wa mahali pa kazi, ambamo upande wa mkubwa na upande wa wafanyakazi wanakaa pamoja. Nimeona kamati ambazo kazi yake yote ni hilo neno la mwisho: wanapaka mawe chokaa na kupanda maua mbele ya ofisi, mkaguzi anapita, anasifu. Maua ni mazuri, lakini hayashiki ukingo wa mfereji.

Najua kuna wanaosema kwamba delege anayeketi na mkubwa ameuzwa. Siwalaumu. Wengi wa babu zetu waliletwa Kilo kwa nguvu wakati wa Wabelgiji, na hakuna aliyewauliza kitu. Hadi mwaka 1946 Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na sendika katika Kongo. Mtu aliyenyimwa neno muda mrefu hushuku akipewa kiti. Lakini kuketi si kuuzwa. Kuuzwa ni kutia sahihi bila kwenda kutazama, kama nilivyofanya mimi.

Ulimwengu nao umekubali jambo hili. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba ushirikiano wa wakubwa na wafanyakazi ni sehemu ya lazima ya usalama, na kwamba mfanyakazi asitozwe gharama za usalama huo. Mwezi Juni 2022, huko Geneva, mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ile ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Kwa ujenzi kuna mkataba namba 167 wa mwaka 1988. Huo unasema mfanyakazi ana haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, na hapo hapo ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake. Sikia vizuri: haki na wajibu, vyote viwili. Kuondoka kimya na kuwaacha wenzako shimoni si haki. Na kumfukuza aliyeonya ni kumfundisha kila mtu kunyamaza.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Siku hizi kazi nyingi za ujenzi migodini hufanywa na kampuni ndogo za mkataba. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliwawekea Wakongomani kazi hizo, nasi tunafurahi kwamba watoto wa nchi wanapata riziki. Lakini tazama shantie: mwashi ni wa kampuni hii, fundi umeme ni wa kampuni ile, kibarua aliyebeba ndoo ya beto aliandikwa jana. Kamati ikikaa, nani anamsemea huyo kibarua? Mara nyingi hakuna. Delege atasema, "Si mtu wetu." Mkubwa atasema, "Mwulizeni aliyemleta." Hata hivyo eshafodaji ni moja kwa wote. Mti wa mkalitusi uliooza haumwulizi aliye juu yake kama ana kontra.

Mkataba namba 167 umekata neno hapa pia: makampuni kadhaa yakifanya kazi mahali pamoja, yule mkuu wa shantie ndiye anayepaswa kuunganisha mipango ya usalama, na kila kampuni inabaki na jukumu kwa watu wake. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kamati isiyo na kiti cha watu wa mkataba na vibarua haijakamilika, hata kama karatasi zake ni safi.

Tufanye nini? Wewe mkubwa wa kazi, ita kamati kabla kazi haijaanza, si baada ya ajali. Tembea nayo kwenye shantie. Kila asubuhi toa dakika kumi, sema hatari za siku ile kwa Kiswahili, kwa maana tangazo la Kifaransa halimsaidii asiyelisoma. Ukionywa, shukuru, ujibu mbele ya wote.

Wewe mfanyakazi, vaa kaske hata kama kapita hayupo. Mwaga maji unapokata tofali au saruji, kwa sababu vumbi lile huharibu mapafu polepole, na yakiharibika hayarudi. Usiondoe ubao wa ulinzi ili kupita haraka. Ukiona ufa, sema leo.

Nanyi mama zetu nyumbani, mna sehemu yenu. Ulizeni kama mume au mwana ameandikishwa CNSS, mfuko uliochukua nafasi ya INSS mwaka 2018. Mchango wa ajali za kazini hulipwa na mwajiri peke yake. Jambo hili liulizwe mtu akiwa mzima, maana kuliuliza akiwa hospitali ni kuchelewa. Na akirudi jioni akiwa kimya, mwulize ameona nini huko kazini.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta unaweza kujengwa tena. Mguu wa yule kijana haukujengwa tena, na kila karatasi ya kamati inapowekwa mbele yangu, ninauliza kwanza: ni nani kati yetu aliyekwenda kutazama?