Vidonge vitatu visivyohitaji jokofu

Mkulima wa Mgeta, milimani Uluguru, aliyebeba magunia ya viazi wiki nzima huenda duka la dawa kuomba "dawa ya mgongo". Hupewa diklofenaki. Mgongo unatulia, lakini akiizoea, tumbo linaanza kuwaka moto. Dawa hiyo hupunguza prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea palepale zinapohitajika. Mgongoni huchochea maumivu. Tumboni huleta ute unaokinga ukuta wa tumbo na kuibana asidi isizidi. Ukizizima huku umezizima na kule.

Misoprostoli ni prostaglandini ya kiwandani, iliyobuniwa na kampuni ya Searle ya Marekani mwaka 1973. Mwaka 1988 Marekani iliiruhusu kwa kazi moja tu: kuwakinga na vidonda vya tumbo watu wanaotegemea dawa za maumivu. Ilikuja na onyo kali kwamba mjamzito asiitumie, kwa kuwa hulainisha mlango wa kizazi na kuukaza mfuko wa uzazi.

Ni sifa hiyohiyo inayotufanya tuizungumzie leo. Mtoto na kondo wakishatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa ujikunje kama ngumi na kuibana mishipa iliyobaki wazi. Ukilegea, damu haisimami, na ikifika nusu lita hiyo ni hatari.

Dawa ya kwanza ni sindano ya oksitosini, na tusidanganyane, ikiwepo nzima ndiyo ya kutumia. Ila inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na mtu anayejua kuchoma sindano. Misoprostoli ni vidonge vitatu vya mikrogramu 200, humezwa mara mtoto anapotoka na mkunga akishapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa kazi hii ya kuzuia damu kutoka kupita kiasi mwaka 2011, pale ambapo oksitosini haipatikani au haiwezi kutumika kwa usalama.

Sisi Tanzania tulishaiona mapema, tena kama tiba baada ya damu kuzidi, si kinga tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Kigoma, wakunga wa jadi walifundishwa kupima damu kwa kanga: mbili zikilowa, imefika nusu lita, mama apewe vidonge vitano kwa njia ya haja kubwa. Kipimo hicho kila nyumba inacho.

Vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Hongera kwa waliohangaika. Lakini wastani wa taifa haupandi milima hadi Kolero wakati wa masika, utelezi unapoishinda bodaboda na mzazi anashushwa kwa machela.

Kinachokwamisha vidonge hivi kufika huko ni jina baya. Kidonge hiki kinajulikana mitaani kama cha kutoa mimba, jambo ambalo sheria yetu inaliadhibu, basi kinazungumzwa kwa minong'ono. Minong'ono haimzuii muuzaji wa kificho. Inamnyima mnunuzi maelekezo. Mjamzito akipewa dozi kubwa kabla ya kujifungua, hasa aliyewahi kupasuliwa, mfuko wa uzazi unaweza kuchanika. Hilo lisemwe wazi kliniki, mbele ya waume na mama wakwe.

Tunataka kila zahanati ya Uluguru iwe na kidonge hiki kabla mvua hazijaanza, kihesabiwe kwenye daftari kama dawa nyingine, na kibaki ndani ya karatasi yake ya alumini. Joto hulivumilia vizuri kuliko oksitosini, ila unyevu hukiharibu, na ukungu wa Uluguru hauulizi. Kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake na kutiwa kwenye kibahasha kinaweza kuwa kimeshapoteza nguvu, na kwa macho hutajua.

Na ndugu waambiwe mapema: mzazi aliyemeza vidonge hivi anaweza kutetemeka meno yakagongana na joto likapanda. Wapo watakaokimbilia dawa ya malaria. Afunikwe, apewe maji, na kanga iliyo chini yake iendelee kuangaliwa. Kutetemeka kwa kawaida huisha ndani ya saa chache. Homa isiposhuka, au kanga ya pili ikilowa, aitwe mkunga na machela iandaliwe hapohapo.