Dubu wa barafuni huko Oltepesi

Samahani wasomaji, kimya kimekuwa kirefu. Kazi ya kuandika programu haina huruma. Leo siandiki kuhusu kompyuta, au labda kidogo tu.

Juzi nilisimama Oltepesi nikielekea Magadi. Penye chai nikakaa na kijana wa chuo cha ualimu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Alikuwa anachora kwenye karatasi ya manila somo la mabadiliko ya tabianchi: dubu mweupe juu ya kipande cha barafu. Nikamuuliza, "Mwalimu, na ng'ombe je?" Akacheka. "Kaka, chuoni tulifundishwa hivi."

Simlaumu. Lakini ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo wengi Kajiado, na watoto wale waliona mizoga kwa macho yao. Halafu wanaletewa dubu!

Kinachonikera zaidi ni kwamba Olorgesailie iko pua na mdomo na Oltepesi. Mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi katika bonde la Koora, kusini mwa hapo, wakatoa nguzo ya mashapo ya mita 139 yenye kumbukumbu ya takriban miaka milioni 1. Mimi naiona kama faili ya logi (wenzangu wa programu mnanielewa). Miaka 400,000 hivi iliyopita mambo yalivurugika: maji yakawa ya kubahatisha, na wanyama wakubwa wala nyasi wakapungua, wadogo wakachukua nafasi. Kufikia miaka 320,000 iliyopita watu walikuwa wameacha mashoka makubwa ya mawe, wanatengeneza zana ndogo, na kioo cha volkano wanakipata kutoka makumi ya kilomita. Wanasayansi wa dunia wanakuja Kajiado kusoma tabianchi, sisi tunaagiza dubu.

Tangu 2021 mwalimu wa msingi anasomea diploma badala ya cheti cha P1. Vizuri. Ningependa muhula mmoja apime mvua kila asubuhi, atume takwimu zake kwenye mradi wa GLOBE, ulioanza 1995 na ambao Kenya imo, kisha alinganishe na shule ya India. Kipimamvua si tableti, hakihitaji chaji.

Dubu naye abaki, ila ukurasa wa pili. Kijana nimemwachia nambari yangu. Akilipeleka darasa Olorgesailie, nitaweka picha hapa.