Nani Atakusikia?

Kuna swali moja ambalo kila mnunuzi wa simu ya upepo huliuliza, na muuzaji hulijibu kwa furaha kwa sababu halimgharimu kitu: "Hii inafika kilomita ngapi?" Nasema swali hilo halina maana, na limewalaza watu porini usiku kucha wakiwa na chombo kizuri mkononi na mgonjwa pembeni. Swali la kuuliza ni hili: "Nikibonyeza hapa nikasema, nani atanisikia, akiwa wapi, na saa ngapi?" Asiye na jibu la swali hilo asinunue kitu. Fedha yake aongezee matairi.

Nayaandika haya kwa sababu baadhi ya wahitimu wa chuo chetu cha ualimu, watu wazima sasa wenye mvi na magari yao, wamepanga msafara wa magari manne. Watatoka Sumbawanga, wateremke ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka Muze, kisha waambae na bonde la Ziwa Rukwa kwa njia za ng'ombe na mitumbwi. Safari njema, nami naiunga mkono. Lakini kamati yao imenunua woki-toki sita zilizoletwa kutoka Dubai, na juu ya sanduku imeandikwa kilomita 10. Nilipohoji, katibu wao alinijibu kwa upole kama mtu anayemfariji mzee: "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, hizi ni wati tano." Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya ujinga huu umejificha ndani ya lugha. Sisi Waswahili tuna neno "masafa", ambalo asili yake ni umbali wa njia. Redio zilipoingia tulilichukua neno hilohilo tukaliita urefu wa wimbi, halafu tukaliita tena idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Neno moja, mizigo mitatu. Ndiyo maana mtu akisikia "masafa mafupi" hudhani ni redio isiyofika mbali, na akisikia "masafa ya juu sana" hudhani ni redio ifikayo mbali sana. Ukweli ni kinyume kabisa! Wazee wenzangu watakumbuka: London na Cologne tulizipata Songea kwa masafa mafupi, kwa redio ya mkulima yenye betri nne na waya umetundikwa kwenye mpera. Lakini kituo cha FM, ambacho hutumia hayo masafa ya juu sana, hukukatikia njiani mara tu milima inapoingia kati yako na mnara wake, hata kama mnara huo una nguvu ya wati maelfu.

Sababu yake haihitaji shahada. Mawimbi ya masafa ya juu sana, yale ambayo kwenye sanduku huandikwa VHF na UHF, husafiri karibu kama mwanga wa tochi. Huenda moja kwa moja, na yakikuta mlima huishia hapo, na yakifika upeo wa macho huendelea angani na kupotea. Watu wawili waliosimama kwenye mbuga tambarare, kila mmoja ameshika woki-toki usawa wa kifua au uso, upeo wao wa mawimbi ni kilomita 10 hivi. Sasa umeona muuzaji alikoitoa namba yake. Hakudanganya. Alipima palipo tambarare kama meza, pasipo mti wala kichuguu. Weka miombo, weka makorongo, mtie mmoja wao ndani ya gari la bati, na zile kilomita 10 huwa mbili au tatu, pengine hata hiyo moja isipatikane.

Na wati? Mahali pa wazi kabisa, ukitaka kuuzidisha umbali mara mbili, nguvu lazima uizidishe mara nne. Redio ya gari ya wati 50 ina nguvu mara kumi ya hizo za kamati, lakini umbali wake hata pasipo kizuizi huongezeka mara tatu tu na ushei, na upeo wa macho humkata mwenye wati 50 kama unavyomkata mwenye tano. Kinachouvuka upeo ni kimo. Ndiyo maana askari wa hifadhi huonekana akiongea na ofisi iliyo mbali kwa kiredio kidogo kiunoni. Watu humwona wakasema, kumbe kinafika! Hawaoni mnara ulioko kileleni, wenye mtambo unaoipokea sauti yake na kuirusha upya. Uondoe mtambo ule, na askari yule atabaki akiongea na fulana yake. Kamati yetu haina mnara Lyamba lya Mfipa. Imenunua kiuno bila kilele.

Mwaka 1996 chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilipeleka wanachuo wa jiografia katika bonde la Yaeda, chini ya nyanda za juu za Mbulu. Nilikuwamo kama mkufunzi mgeni. Magari mawili, Land Rover na lori dogo, kila moja na woki-toki iliyoazimwa na uongozi wa chuo kile. Lori liliteleza kwenye korongo likalala ubavu, na kijana mmoja akavunjika paja. Land Rover ilikuwa imetangulia kilomita nne tu, nyuma ya tuta la mlima. Mwenzetu aliyeshika woki-toki aliita mpaka betri ikafifia. Land Rover haikusikia neno. Ilikwenda kupiga kambi ikitungoja, na dereva wake, kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, alidhani tumesimama kupiga picha Wahadzabe.

Aliyetuokoa hakuwa na woki-toki. Ni mchungaji wa ng'ombe aliyetembea usiku kucha mpaka kwenye misheni moja, na sista wa pale alikuwa na simu ya upepo ya masafa mafupi juu ya meza, karibu na mashine ya kushonea. Saa moja asubuhi ilikuwa saa yao ya kuitana: misheni zote na zahanati zao husikilizana kwa zamu, nani anahitaji dawa, nani anahitaji mafuta. Sista aliposema "dharura", wote walinyamaza. Gari la hospitali lilifika saa nane mchana. Kijana yule ni mwalimu mkuu leo, anachechemea kidogo.

Nimerudia jambo hili si kwa ajili ya huruma. Angalieni kilichofanya kazi pale. Kwanza, masafa yenyewe: wimbi la redio ile lilikwenda juu, likagonga tabaka la anga lenye chembe za umeme, kilomita mia kadhaa juu ya vichwa vyetu, likarudi chini ng'ambo ya mlima. Mlima hauna habari na wimbi linalotoka mbinguni. Ukiutandaza waya wako chini chini, kimo cha nyumba tu, mawimbi hupanda karibu wima na kurudi kama mvua, yakieneza sauti kwa kilomita mia mbili tatu pande zote, makorongoni kote. Pili, na hili ndilo kubwa: palikuwa na watu waliokubaliana saa moja. Redio ya sista ilikuwa nusu ya chombo. Nusu ya pili ilikuwa masikio ya wenzake.

Waaustralia walilielewa hili mapema. Mwaka 1928 kule Cloncurry walianzisha huduma ya daktari wa ndege, na mara wakagundua kwamba ndege haina faida ikiwa mgonjwa hana njia ya kuita. Mwaka 1929 fundi wao, Alfred Traeger, akawapelekea wafugaji redio inayozalisha umeme wake kwa kukanyaga pedali kama baiskeli. Mpaka leo wasafiri wa majangwa yao wana mtandao wa masafa mafupi uitwao VKS-737, wenye vituo vinavyowasikiliza kwa ratiba na kuuliza habari za asiyeitika. Lakini hawakutupa redio za gari kwa gari. Kwa hizo wana UHF ya wati 5 kama woki-toki zetu, wakijua kazi yake ni moja: gari la mbele kumwambia la nyuma, "Kuna tope kushoto, pita kulia."

Basi mambo ni mawili, wala si moja. Kuongea ndani ya msafara ni kazi ya VHF au UHF, iliyofungwa kwenye gari, na antena yake juu ya paa katikati, si ndani karibu na kioo. Antena ya VHF ya robo ya wimbi ni nusu mita tu, haimsumbui mtu. (Wale wanaosifia CB za madereva wa malori wa Marekani wajue kwamba robo ya wimbi lake ni karibu mita mbili na robo tatu, iliyofupishwa ikakaa vizuri juu ya paa huilipia raha hiyo kwa kupoteza nguvu.) Kuita msaada nje ya msafara ni kazi ya masafa mafupi, yaani HF. Mwenye kununua ya kwanza akaamini amepata ya pili ni sawa na aliyenunua filimbi akaita kengele ya kanisa.

Najua jibu litakalokuja, nimeshalisikia: siku hizi kuna simu ya mkononi, Mwalimu, habari za redio ni za zamani zenu. Sipingi simu. Ninayo, nami huitumia kuwasalimu wajukuu. Lakini mnara wa simu hujengwa penye wateja, na gari huzama pasipo wateja. Aidha simu huongea na mtu mmoja, nanyi ni magari manne. Simu ya upepo mmoja akisema wote husikia, hata yule ambaye hakuitwa, na mara nyingi ndiye aliye karibu. Simu ya setilaiti ni hoja yenye uzito zaidi, naikubali. Mwenye uwezo aichukue, aipeleke mahali anapoona anga, aite hospitali. Hata hivyo na yeye arudi kwenye swali langu: ataipigia namba ya nani, na mtu huyo anajua msafara uko wapi? Nimewahi kuona mtu na simu ya setilaiti ya bei ya ng'ombe sita, na namba pekee aliyoihifadhi ni ya mke wake aliyekuwa harusini Moshi.

Kuhusu ruhusa nitasema machache. Kurusha mawimbi si haki ya kununua dukani. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo hugawa masafa na kutoa leseni, na chombo kinachouzwa bila leseni Chicago au Dubai hakipati ruhusa Sumbawanga kwa sababu hiyo. Watu huona leseni kama kodi ya usumbufu. Mimi naiona kama orodha ya mahudhurio: masafa uliyopewa ni yako, hutakuta juu yake dereva wa watalii akimtangazia mwenzake simba kwa mafumbo wakati wewe unaita damu.

Na fundi asiwaambie mchomeke redio kwenye tundu la kuwashia sigara. Redio ya HF ya wati 100 ikirusha huvuta ampia 20 hivi, na waya wa tundu lile haukuumbwa kwa mzigo huo. Waya mnene, moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi karibu kabisa na betri. Hapa sibishani na mtu. Gari likishika moto porini mabishano huisha yenyewe.

Kwa hiyo napendekeza kwa kamati, na nimeshamwandikia katibu: nunueni redio mbili za HF, hata kama ni kuukuu zilizokaguliwa na fundi. Moja kwenye gari la katikati la msafara, pamoja na waya wa mita 20 wa kutundika mitini mkifika kambini, nusu huku nusu huku. Ya pili ibaki Sumbawanga nyumbani kwa mwenzetu mmoja mstaafu, ambaye amekubali kuketi mbele yake saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, siku zote tisa. Ombeni masafa mawili, la chini zaidi kwa usiku na la juu zaidi kwa mchana, kwa sababu ile ile iliyotufanya zamani tuhame kutoka mita 19 za mchana kwenda mita 49 za jioni. Asiposikia sauti yenu mara mbili mfululizo, anajua gari la nani atume na njia gani lishike.

Katibu amejibu kwamba fedha haitoshi redio mbili za HF na zile woki-toki sita pamoja. Nimemwambia azirudishe tatu dukani akiweza, na mbili abaki nazo za kumwongoza dereva anaporudi nyuma kwenye daraja la magogo. Ya sita ampe mwalimu wa michezo wa shule ya jirani. Uwanja wao ni tambarare na hauna mti.