Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: JINA LA MCHORAJI WA NEMBO YA TAIFA

Kila barua inayotoka ofisini kwako ina picha juu yake: ngao iliyosimama juu ya Mlima Kilimanjaro, mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu, na miguuni pa mama mche wa pamba, zao ambalo kila mtoto wa Magu analijua kabla hajajua kusoma. Picha hiyo iko kwenye pasipoti zetu na kwenye kuta za mahakama. Ila jina la aliyeichora halijatulia mpaka leo.

Huku Kisesa, hasa upande wa Bujora, anatajwa marehemu Jeremiah Wisdom Kabati, na mwaka unaotajwa ni 1961. Dar es Salaam wanamtaja marehemu Francis Maige Kanyasu, yule mzee wa Buguruni aliyejulikana kama Ngosha, ambaye nchi nzima ilimfahamu akiwa tayari mgonjwa, akafariki Muhimbili Mei 2017.

Siandiki kumpigania mtu wa kwetu. Faili likisema si Kabati, nitalipokea. Ninachokiomba ni faili lenyewe lifunguliwe, na jina litakalopatikana liandikwe kamili, kwa herufi zake sahihi, mahali ambapo mwalimu na mwandishi wa habari wanaweza kulinukuu. Kwa sasa hata anayekubali kwamba mchoraji ni mzee wa Buguruni hajui amwandikeje. Huyu anaandika Francis Maige, yule Francis Kanyasu, mwingine anaishia Ngosha tu, na Ngosha huku Usukumani anaweza kuitwa mwanaume yeyote anayepita barabarani. Mtafiti wa kesho akikuta Maige kwenye karatasi moja na Kanyasu kwenye nyingine, atahesabu watu wawili.

Majina ya kanda hii yameteseka kwa muda mrefu. Wajerumani waliandika Muansa pale tunapoandika Mwanza, na jirani zetu wa Misungwi hadi leo wanasoma pia Missungwi. Karani wa mkoloni, padri wa misheni na mwalimu wa shule, kila mmoja aliandika alivyosikia. Ndiyo maana daftari moja halitoshi kuamua. Cheti cha ubatizo, stakabadhi ya kodi na sahihi ya mtu mwenyewe vikae mezani pamoja, na pakiwa na sahihi, mimi ningeipa sahihi uzito kuliko vingine vyote.

Kumbuka yaliyompata Enoch Sontonga, ambaye tuni yake tunaiimba katika Mungu Ibariki Afrika. Alifariki Johannesburg mwaka 1905, na kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana lilipo. Kumbe kwenye daftari la makaburi ya Braamfontein alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch, na waliomtafuta walikuwa wanatafuta Sontonga. Lilipopatikana, Afrika Kusini ikalitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Huyo alikuwa na jina moja tu la ukoo lililokosekana daftarini. Sisi tuna watu wawili, na majina yasiyokaa mahali pamoja.

Lipo jambo jingine ambalo wabishani wengi hulipita. Ngao ya 1961 ilikuwa ya Tanganyika. Baada ya Muungano wa 1964, bendera iliyo ndani yake ilibidi ibadilike. Huenda basi kalamu ni zaidi ya moja: wa kwanza alichora, mwingine akarekebisha, na kila familia inasema kweli kwa sehemu yake. Ugomvi huo hauwezi kumalizwa kwa simulizi za vijiweni. Utamalizwa na barua za serikali za miaka ile, ambazo muda wake wa kufungwa ulishapita zamani.

Naomba basi, Ndugu Mkurugenzi, uagize majalada ya 1961 hadi 1964 yapekuliwe, familia zote mbili ziitwe na nyaraka zao, kisha utoe tamko la maandishi lenye majina kamili, tahajia yake na kazi aliyoifanya kila mmoja. Nakala moja ibandikwe katika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, ambako wanafunzi huja kuuliza swali hili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kisesa, Magu